Pangani, Wilaya ya Mwisho wa Mto



Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya wilaya moja ndogo ya pwani, nayo ni Pangani, katika mkoa wa Tanga. Sababu ya kuichagua ni hii. Kila mto una watu walioko mwanzo wake na watu walioko mwisho wake, na Pangani ni mwisho wa mto. Lifanywalo juu, jema au baya, hufika huko bila kubisha hodi. Kwa hiyo atakaye kujua jinsi watu wa nchi moja walivyofungamana, na jinsi baraza dogo la kijiji linavyoweza kuwa na neno katika mambo makubwa, atajifunza mengi kwa kuitazama wilaya hiyo.

Kwanza tuijue nchi yenyewe. Mtu akitoka mji wa Tanga na kushika njia ya pwani kwenda kusini, baada ya kilometa 50 hivi hufika mji wa Pangani, uliojengwa kwenye ukingo wa kaskazini wa mto, pale unapoingia baharini. Ng'ambo ya pili, chini ya kilima, ndipo Bweni. Kaskazini wilaya yapakana na Muheza, magharibi yapakana na Handeni, kusini ni nchi ya Bagamoyo, na mashariki ni bahari ya Hindi. Imegawanyika katika tarafa nne, nazo ni Pangani, Madanga, Mwera na Mkwaja. Watu wake si wengi. Hesabu ya mwaka 2012 ilionyesha watu 54,025, na ile ya mwaka 2022 ikaonyesha zaidi ya 75,000.

Wenyeji wake ni Wazigua, Wabondei na Waswahili wa miji ya pwani. Pamoja nao wamo watu wa asili ya Kiarabu na Kihindi, na wajukuu wa watu waliotoka bara ya mbali kuja kukata mkonge. Kazi zao ni uvuvi, kilimo, ufugaji na biashara. Minazi ndiyo mti unaoonekana kwanza na mgeni, kisha hufuata mikorosho, mihogo, mahindi, na mpunga katika mabonde yenye maji. Huko Kipumbwi vyombo huvuka kwenda Unguja na kurudi. Huko Ushongo, Sange, Mkwaja na Buyuni, ngalawa hutweka tanga na kurejea kwa upepo ule ule waliotumia mababu.

Sasa tutazame habari za zamani kwa ufupi, maana asiyejua alikotoka hawezi kuchagua njia ya kwendea. Katika karne ya kumi na tisa Pangani ilikuwa mlango wa misafara. Njia ilifuata bonde la mto mpaka Usambaa, Upare na Kilimanjaro, nayo ikaleta pembe za ndovu na, kwa masikitiko makubwa, binadamu waliouzwa kama mali. Kandokando ya mto yalikuwapo mashamba ya miwa, na waliolima miwa hiyo walikuwa watumwa. Uzuri wa nyumba za kale, milango ya nakshi na barza za mawe, usitusahaulishe jasho lililozijenga. Mwaka 1857 wasafiri wawili Waingereza, Richard Burton na John Speke, walipita Pangani wakaenda mpaka Fuga kumwona Kimweri, mfalme wa Wasambaa. Katika siku hizo utawala wa pwani hiyo ulikuwa wa sehemu mbili: mkono wa Sultani wa Unguja ulitoka baharini, na mkono wa Kimweri ulitoka milimani, na wakubwa wa miji walilazimika kuipokea mikono yote miwili. Basi tangu zamani Pangani haikuweza kujitawala bila kufikiri habari za watu wa juu.

Mwaka 1888 Sultani Khalifa aliwapa kampuni ya Wajerumani ruhusa ya kutawala na kutoza ushuru katika Mrima. Mwezi wa Agosti mwaka ule watu wa kampuni walifika Pangani, wakatwaa madaraka kwa dharau, wala hawakuwauliza wenyeji neno. Watu wakakasirika, wakainuka. Aliyekuwa mbele yao ni Abushiri bin Salim, mwenye shamba la miwa katika nchi hiyo. Vita vikaenea pwani nzima, na serikali ya Ujerumani ikamleta Hermann Wissmann na askari wa kukodiwa. Pangani ikatwaliwa mwezi wa Julai 1889, na tarehe 15 Desemba mwaka huo Abushiri akanyongwa pale pale Pangani. Watu wana maneno mengi juu ya Abushiri, wengine humsifu na wengine humlaumu kwa kuwa alikuwa bwana wa watumwa. Lakini chanzo cha vita vile ni fundisho lisilopingika: watu walitawaliwa kwa karatasi iliyotiwa sahihi mbali nao, na hakuna aliyewashauri.

Baada ya vita ulikuja mkonge. Mwaka 1893 Daktari Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, huko Marekani. Njiani mingi ilikufa, na iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Ilipandwa Kikogwe, ng'ambo ya mto Pangani. Katika miche hiyo 62 ulitoka mkonge uliojaza mashamba ya Tanga, Morogoro na Lindi, hata Tanganyika ikawa ya kwanza ulimwenguni kwa kutoa katani. Maelfu ya watu waliitwa manamba wakaletwa kukata majani yenye miiba. Bei ya katani ilipoanguka kwa ajili ya nyuzi zinazotengenezwa viwandani, mashamba mengi yakaingia mwituni, lakini watoto wa manamba wakabaki, nao leo ni wenyeji kama wenyeji wengine. Mgeni njoo, mwenyeji apone: pwani imelijua neno hilo siku nyingi.

Haya, wasikilizaji wangu, tuuendee mto wenyewe, kwani hapa ndipo lilipo shauri kubwa la wilaya hii. Mto Pangani hupata maji yake katika milima ya Kilimanjaro na Meru. Mito miwili, Kikuletwa na Ruvu, huingia katika bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa katika miaka ya 1960. Kutoka hapo mto hushuka, ukapokea Mkomazi kutoka upande wa Upare na Luengera kutoka Usambaa, ukaanguka katika maporomoko karibu na Hale, kisha ukaingia katika nchi tambarare mpaka baharini. Tangu chemchemi zake hata baharini ni safari ya kilometa 500 hivi. Katika safari hiyo maji yale yale hufanya kazi nyingi: hunyesha migomba ya Wachaga, hulisha mashamba ya miwa ya Moshi, hunywesha ng'ombe, huleta samaki bwawani, na huzungusha mitambo ya umeme. Kituo cha umeme cha Hale kilifunguliwa mwaka 1964, na kile kipya cha Maporomoko ya Pangani katikati ya miaka ya 1990. Yanayobaki baada ya hayo yote ndiyo hufika Pangani.

Watu wengi hudhani kwamba mto huu hulishwa hasa na theluji ya Kilimanjaro. Sivyo. Theluji hutoa maji machache sana. Walishaji wa kweli ni mvua na ukungu unaonaswa na misitu ya milimani, nayo maji hunywewa na udongo na kutoka polepole katika chemchemi. Kwa hiyo msitu ukikatwa huko juu, mto huwa na tabia mbili mbaya: wakati wa masika hufurika kwa nguvu, na wakati wa kiangazi hupungua kuliko desturi.

Mto ukipungua, nini huwa mwishoni? Sikilizeni vizuri, hasa ninyi wanafunzi. Maji ya chumvi ni mazito kuliko maji matamu. Yanapokutana mdomoni mwa mto, maji ya bahari hupita chini kama kabari, na maji ya mto huelea juu yake. Bahari ikijaa, kabari husukumwa kwenda juu; ikipwa, hurudi. Mto ukiwa na nguvu, huizuia kabari isiende mbali. Mto ukidhoofika, na bahari ikiwa katika bamvua, chumvi hupanda mbali sana. Hayo ndiyo yaliyowafika watu wa Pangani. Mashamba ya kandokando ya mto yaliyokuwa na maji matamu yameonja chumvi, mpunga ukanyauka, minazi ikadhoofika, na visima vingine vikabadilika ladha. Mkulima wa huko hakukata mti hata mmoja wa Kilimanjaro, wala hakufungulia mfereji wowote wa Moshi, lakini deni limepelekwa mlangoni kwake.

Tena mto hauchukui maji tu, huchukua na mchanga na tope. Bwawa lolote hulizuia tope nyuma ya ukuta wake. Pwani isiyoletewa mchanga mpya hulika pole pole, na bahari nayo siku hizi inapanda kwa sababu dunia inapata joto. Katika mji wa Pangani mawimbi yalikula kingo, na ukuta mpya wa kuzuia maji ulijengwa katika miaka hii ya karibuni. Wazee husema, usipoziba ufa utajenga ukuta; na Pangani methali hii si ya mfano, ni habari yenyewe.

Kama mtu ana shaka kwamba pwani yaweza kutoweka, na atazame kisiwa cha Maziwe. Kisiwa hicho kiko baharini kusini mashariki ya mji. Zamani kilikuwa na miti, na kasa wa namna tatu walipanda mchangani kutaga mayai; wataalamu wa miaka ya 1970 walikihesabu kuwa mahali pa maana sana kwa kasa katika Tanzania. Mwaka 1975 kikafanywa hifadhi. Lakini kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 miti yote ilikuwa imekwisha, na mchanga ukakosa mizizi ya kuushika. Leo bahari ikijaa sana, Maziwe humezwa, na ikipwa huonekana fungu jeupe la mchanga. Kasa, kwa kuwa hukumbuka pwani ya kuzaliwa, wameendelea kurudi kutaga mahali ambapo mayai yao yatazama. Watu wa Ushongo wakajifunza kuyafukua mayai kwa uangalifu na kuyazika upya katika pwani yao, ili watoto wa kasa waanguliwe salama. Kazi hii ni njema, lakini yafundisha pia kwamba kurudisha kilichopotea ni shida mara kumi kuliko kukitunza kilichopo.

Tuseme neno juu ya uvuvi. Mwamba wa matumbawe ni nyumba ya samaki. Mvuvi mwenye mshipi, dema au jarife huchukua samaki na kuiacha nyumba. Mwenye baruti huua wakubwa na wadogo pamoja na kuivunja nyumba yenyewe, na mwamba uliovunjika huchukua miaka mingi sana kupona. Kwa muda mrefu mishindo ya baruti ilisikika katika pwani ya Tanga. Tangu mwaka 1994 wilaya za pwani hiyo, Pangani ikiwa mojawapo, zilijaribu njia mpya: vijiji viliungana katika maeneo ya kutunza bahari kwa pamoja, kama lile la Boza na Sange na lile la Mkwaja na Buyuni. Wavuvi wenyewe walikaa, wakachagua miamba ya kufungwa ili samaki wazae, wakapanga doria, wakapanda mikoko. Mahali doria ilipokuwa imara, samaki waliongezeka. Mahali ilipolegea, baruti ikarudi. Serikali ilikaza msako wa baruti baada ya mwaka 2015, na mishindo ikapungua sana. Lakini askari hawezi kulala katika kila ngalawa. Mlinzi wa kweli wa mwamba ni mvuvi anayemjua jirani yake, na kumwambia usoni, "Hilo si jambo la kufanya hapa."

Na huko kusini, kuanzia Mkwaja, nchi hupakana na Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyotangazwa mwaka 2005. Ndani yake imeingia nchi ya shamba kubwa la ng'ombe la Mkwaja, lililofungwa mwaka 2000. Ni hifadhi iliyo na pwani yake yenyewe, na huko Madete kasa hutaga. Lakini mpaka wa hifadhi na mpaka wa kijiji ni majirani, na jirani wa karibu asipopatana na mwenzake, mchana huwa mashtaka na usiku huwa tembo mashambani. Tena wafugaji wamekuja na mifugo yao, nao wataka malisho na maji. Kila mmoja ana haja ya haki: mkulima ataka shamba lisilokanyagwa, mfugaji ataka ng'ombe wasife kwa kiu, mnyama ataka njia yake ya kale. Mambo haya hayamalizwi kwa fimbo. Humalizwa kwa mipaka inayojulikana na kuandikwa.

Hapo, wasikilizaji wangu, ndipo tunapofika kwenye shauri la utawala. Wajerumani waliitawala pwani kwa maakida, Waingereza kwa maliwali na majumbe. Baada ya uhuru wa mwaka 1961 zikaja halmashauri za kuchaguliwa, zikafutwa mwaka 1972, kisha sheria Na. 7 ya mwaka 1982 ikazirudisha, na mwaka 1984 zikaanza kazi tena. Kwa sheria hiyo Pangani ina halmashauri ya wilaya yenye madiwani waliochaguliwa katika kata zao. Chini yake kila kijiji kina halmashauri yake, yenye wajumbe wasiopungua 15 wala kuzidi 25. Lakini juu ya halmashauri ya kijiji uko mkutano mkuu wa kijiji, na mjumbe wa mkutano huo ni kila mkazi aliyetimiza miaka 18, mwanamume na mwanamke, maskini na tajiri.

Wengi hawajui ukubwa wa mkutano huo. Ndio uchaguao viongozi wa kijiji, na ndio uwezao kuwatoa. Ndiko zisomwako hesabu za mapato na matumizi, maana mali bila daftari huisha bila habari. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, yasema kwamba halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi pasipo idhini ya mkutano mkuu. Sheria ndogo za kijiji, za kulinda mikoko au kukataza nyavu fulani, huanza kwenye kijiji, kisha hupelekwa wilayani zikathibitishwe. Basi mtu asiyehudhuria mkutano mkuu, kisha akalalamika kwamba shamba la jumuiya limetolewa kwa mgeni, amefanana na nahodha aliyelala usingizi akalaumu upepo.

Na mto je? Kijiji kimoja hakiwezi kuamuru maji ya Kilimanjaro. Ni kweli. Lakini kwa sheria ya maji, Na. 11 ya mwaka 2009, mto husimamiwa kama bonde moja tangu juu hata chini, yaani bonde lote la Pangani lina bodi yake, na watumia maji waweza kuungana katika jumuiya zao. Sheria hiyo yatanguliza maji ya matumizi ya nyumbani, kisha maji yanayotakiwa kubaki mtoni ili mto wenyewe na viumbe vyake viishi. Fikirini maana yake: maji yanayofika mdomoni mwa mto si makombo yaliyobaki baada ya wakubwa kushiba. Ni haki iliyoandikwa. Lakini haki iliyoandikwa hulala kitabuni mpaka mtu aiamshe. Mkulima wa mpunga wa Pangani akiandika mwaka kwa mwaka ni lini maji yalionja chumvi na yalifika kiunga gani, daftari lake litasikilizwa katika kikao cha bonde kuliko kilio cha watu mia wasio na tarehe.

Katika hayo ninyi vijana wa shule mna kazi. Mwajua kusoma na kuandika. Chukueni daftari, andikeni siku za mvua, kina cha kisima wakati wa kiangazi, mti wa mwisho uliosimama ukingoni na hatua zilizobaki kati yake na maji. Waulizeni babu na bibi zenu bahari ilifika wapi walipokuwa watoto. Mambo hayo hayahitaji mashine wala fedha, nayo yatakuwa mashahidi wenu mtakapokuwa watu wazima mbele ya wakubwa.

Kwa miaka mingi mtu aliyetaka kuvuka kutoka mjini kwenda Bweni alingoja kivuko. Katika miaka ya 2020 ilianza kazi ya kujenga daraja la urefu wa mita 525 juu ya mto huo, katika barabara ya kuunganisha Tanga, Pangani, Saadani na Bagamoyo. Barabara huleta soko kwa dagaa, korosho na nazi. Huleta pia wanunuzi wa viwanja vya pwani wenye fedha nyingi na haraka nyingi. Kijiji chenye mipaka iliyopimwa, daftari safi na mkutano mkuu unaohudhuriwa kitapokea wageni hao kwa heshima na faida. Kijiji kisicho na hayo kitaamka siku moja kikaona seng'enge kati yake na bahari.

Wasikilizaji wangu, nimetaja Pangani, lakini wengi wenu mwakaa Rufiji, Wami, Ruvuma, Tana au Sabaki. Kila mto una mwisho wake, na kila mwisho wa mto una watu. Aliye juu na akumbuke kwamba maji anayoyaachilia ni ukarimu kwa ndugu asiyemwona. Aliye chini na asikae kimya akingoja kukumbukwa. Mkutano mkuu wa kijiji chenu utakapoitwa, nendeni, mkae mbele, mwulize habari za ardhi, za maji na za fedha, na msiondoke mpaka majibu yameandikwa.